Chotara ya "60 kwa 40": hebu tuisome kadi ya Blue Dream

Ukiingia duka la bangi huko California, ambako kuwauzia watu wazima kumeruhusiwa tangu Januari 2018, utakuta mitungi imepangwa rafuni na kila mtungi una kadi yake. Blue Dream ni kati ya majina ambayo ni vigumu kuyakosa. Kadi yake, duka hata duka, husema karibu mambo yaleyale: ni chotara inayoegemea sativa, sativa 60 kwa indica 40, wazazi wake ni Blueberry na Haze, inanukia matunda, THC yake iko kati ya 17% na 24%, inachangamsha akili huku ikilegeza mwili, inafaa mchana, anayeanza asiogope.

Nataka tuihakiki hiyo kadi, wewe na mimi, kama tunavyohakiki maandishi mengine yoyote yanayodai kusema ukweli. Kila sentensi tuiulize: wewe umejuaje?

Najua swali lako la kwanza. Hapa Kenya na Tanzania bangi ni kosa la jinai, na siko hapa kumfundisha mtu kuilima wala kuivuta. Ila lugha ya kadi hizi haikubaki California. Siku hizi hata mtu ambaye hajawahi kuuona mtungi huo atakuambia kwa uhakika kabisa kwamba sativa inapandisha, indica inalaza, na chotara iko katikati. Anaongea kama daktari. Na huko Marekani na Kanada wapo wagonjwa wanaochagua kwa kutegemea maneno hayo matatu: mwenye maumivu yasiyoisha, mwenye kukosa usingizi, mwenye kichefuchefu cha dawa za saratani. Kwao hili si suala la msamiati tu.

Tuanze na "chotara", maana neno hili sisi tumelizoea shambani. Mwaka 1964 Kitale ilitoa mahindi chotara H611. Wazazi wake wanajulikana: mmoja ni Kitale Synthetic II, mwingine ni Ecuador 573, mbegu iliyotoka Amerika ya Kusini. Mseto ulipandwa, ukapimwa, ukalinganishwa, ndipo ukapewa namba. Na leo mkulima wa Kenya akinunua pakiti ya mbegu anakuta kibandiko cha KEPHIS chenye namba ya kukwangua na kuihakiki kwa simu. Unaweza kulalamikia bei, unaweza kulalamikia mvua, lakini "chotara" kwenye pakiti ile ni dai linaloweza kukaguliwa.

Kwenye mtungi wa Blue Dream neno ni lilelile, kazi yake siyo. Hadithi inasema ilizaliwa California kwa kuchanganya Blueberry, aina inayohusishwa na mzalishaji anayejulikana kwa jina la DJ Short, na Haze, inayosemekana kutokea maeneo ya Santa Cruz. Nani alichanganya? Mwaka gani? Mmea upi ulikuwa dume na upi jike? Hakuna daftari. Na sababu si uzembe. Marekani ilianza kuibana bangi kitaifa kwa sheria ya kodi ya 1937, na kwa miongo mingi baada ya hapo mtu aliyeweka kumbukumbu za majaribio yake alikuwa anaandika ushahidi wa kesi yake mwenyewe. Walizalisha gizani, wakapeana mbegu kwa kunong'ona, na kilichobaki ni majina. Hao siwalaumu hata kidogo. Ninachokilaumu ni kuzichukua hadithi za gizani na kuzivalisha koti jeupe la maabara.

Halafu kuna jambo la mbegu na pingili. Mbangi kwa kawaida una mimea dume na mimea jike, na chavua yake husafiri kwa upepo. Ukipanda mbegu kumi za mmea mmoja unapata ndugu kumi, na ndugu hawalingani: huyu mrefu, yule mfupi, huyu ana utomvu mwingi, yule harufu yake ya peke yake. Mkulima anayetaka mmea uleule hakati tamaa, anakata kipande cha shina na kukiotesha, kama tunavyofanya na pingili za muhogo. Kipande hicho kina vinasaba vilevile vya mama. Sasa jina "Blue Dream" linabandikwa kwenye vyote viwili: pingili zilizotoka kwa mama mmoja, na mbegu ambazo muuzaji anasema ni za ukoo huo. Kadi haikuambii umeshika ipi. Ni kama kuwaita watoto wote wa ukoo Juma, halafu ukashangaa Juma mmoja anapenda mpira na mwingine hapendi.

Twende kwenye ile 60 kwa 40, maana hapo ndipo penye uhondo.

Inabidi kwanza tuyajue maneno yenyewe. Linnaeus aliupa mmea huu jina Cannabis sativa mwaka 1753, akiwa anaujua zaidi ule wa Ulaya uliolimwa kwa ajili ya nyuzi za kamba na nguo. Mwaka 1785 Mfaransa Lamarck, mezani kwake akiwa na sampuli kutoka India, akaona huu ni mmea mwingine, kwa umbo na kwa nguvu yake ya kulevya. Akauita Cannabis indica. Shika hapo: indica ya Lamarck ilikuwa mmea wa India wenye majani membamba. Ukija miaka ya 1970, mtaalamu wa mimea wa Harvard, Richard Schultes, na wenzake wakalitumia jina indica kwa mimea mifupi ya Afghanistan yenye majani mapana. Wazalishaji wa Marekani, ambao mbegu za huko zilikuwa zimeanza kuwafikia, wakazoea kuuita hivyo mmea wa majani mapana. Mirefu ya majani membamba, ile ya Colombia, Mexico na Thailand, ikabaki kuitwa sativa. Yaani mmea ambao Lamarck pengine angeuita indica, leo duka linauita sativa. Na mwaka 1976 Ernest Small na Arthur Cronquist wakaja kusema yote ni spishi moja, wakaigawa kwa kiasi cha THC, mpaka ukiwa 0.3%. Mpaka huo waliuchagua kwa urahisi wa kupanga mimea tu, lakini ndio ulioishia kwenye sheria za bangi ya nyuzi za nchi kadhaa, Marekani ikiwemo. Sayansi huwa na watoto isiowatarajia.

Kwa hiyo 60 inatoka wapi? Kuna mashine inayopima "usativa"? Hakuna. Jaribu hesabu hii. Wauzaji wengi huitaja Blueberry kuwa indica 80 na sativa 20. Haze hutajwa kuwa sativa 100. Jumlisha sativa za wazazi, 20 na 100, gawanya kwa mbili: 60. Jumlisha indica zao, 80 na 0, gawanya kwa mbili: 40. Imeingia kama ufunguo!

Hesabu ni safi, ya darasa la nne. Tatizo ni kwamba 20 na 100 zenyewe ni masimulizi, na pia vinasaba havigawanywi kwa kutafuta wastani. Mtoto huchukua nusu kwa kila mzazi, sawa, lakini ni nusu ipi ya mzazi, hiyo ni bahati nasibu. Ndugu wawili wa baba na mama mmoja hawapati mgao uleule kutoka kwa babu. Kwa hiyo hata kama namba za wazazi zingekuwa za kweli, mmea mmoja ungeweza kuangukia 52 na ndugu yake 67, na wote wawili kadi ingewaandikia 60. Namba kamili namna hii humfanya msomaji aamini kuna mtu alipima.

Na watu wameshapima, ila walichokikuta si hicho. Mwaka 2015 Jonathan Sawler na wenzake huko Kanada walichunguza vinasaba vya sampuli 81 za bangi ya kulevya na 43 za bangi ya nyuzi. Makundi hayo mawili yalitengana vizuri. Ndani ya bangi ya kulevya, asilimia za sativa na indica zilizodaiwa zililingana na vinasaba kwa kiasi cha wastani tu. Mfano ninaoupenda: sampuli ya Jamaican Lambs Bread, iliyodaiwa kuwa sativa 100, ilikuwa karibu pacha na sampuli ya Afghanistan iliyodaiwa kuwa indica 100. Mia kwa mia huku, mia kwa mia kule, na vinasaba karibu vilevile. Mwaka 2019 Anna Schwabe na Mitchell McGlaughlin wa Chuo Kikuu cha Northern Colorado wakakusanya sampuli 122 zenye majina 30 kutoka madukani, Blue Dream ikiwemo. Hawakuona mpangilio wa vinasaba unaofuata sativa, indica na chotara. Tena walikuta sampuli zenye jina moja ambazo hazifanani, kitu ambacho hakikutakiwa kutokea kama kweli zote ni pingili za mama mmoja.

Hapo mtetezi wa kadi atasema: sawa, achana na ukoo, mimi nanusa. Na hapa inabidi nimsikilize, maana pua ina hoja.

Maua ya mbangi jike yamefunikwa na vinyweleo vidogo vyenye tezi, na kwenye tezi hizo ndimo mnamotengenezwa THC (kwa kweli ni asidi yake, ambayo hugeuka THC ikipata joto) pamoja na terpini, molekuli za harufu. Terpini si mali ya bangi peke yake. Mirsini imo kwenye mchaichai wako wa asubuhi. Limonini iko kwenye ganda la chungwa. Pinini ndiyo harufu ya misonobari. Beta-karofilini iko kwenye pilipili manga, na hata kwenye karafuu za Pemba, ingawa huko anayetawala ni eujenoli. Huyu karofilini ana sifa ya pekee: mwaka 2008 Jürg Gertsch na wenzake walionyesha kwamba hushika kwenye CB2, moja ya vipokezi viwili vikuu vya mwili ambavyo bangi huvifikia. Hushiki chupa ya karafuu ukalewa, usijali. THC hulevya kupitia kipokezi kingine, CB1, kilichojaa kwenye ubongo.

Basi mwaka 2021 kundi la Chuo Kikuu cha Dalhousie pamoja na wenzao wa Uholanzi walipima kemia ya sampuli karibu 300 na kuilinganisha na vibandiko. Kwa jumla, "sativa" na "indica" havikulingana na tofauti za vinasaba wala za kemia. Lakini kulikuwa na uzi mwembamba: zilizoitwa indica zilielekea kuwa na mirsini nyingi, na zilizoitwa sativa zilielekea kuwa na terpini kama farnesini. Inaonekana kwa miaka yote hiyo wakulima walikuwa wanaziita kwa pua. Si kazi mbaya. Ila hicho ni kipimo cha harufu, na kadi imekiandika kana kwamba ni cha ukoo.

Sasa rudi kwa Blue Dream uone kichekesho. Terpini inayoongoza kwa kawaida kwenye sampuli za Blue Dream ni mirsini. Ndiyo, mirsini, ile ya "indica", ile ambayo wauzaji haohao husema inakukalisha kwenye kochi usiinuke. Na kadi inasema chotara inayoegemea sativa, ya mchana, ya kuchangamka. Zote mbili haziwezi kuwa kweli kwa pamoja. Ama mirsini hailazi kama inavyodaiwa, ama Blue Dream haichangamshi kwa sababu zinazodaiwa. Dau langu naliweka kwenye la kwanza: ushahidi wa mirsini kulaza umesimama zaidi kwenye panya waliopewa dozi kubwa, mbali sana na kiasi kinachopatikana kwenye ua.

Na hapo ndipo neno "chotara" linapokufa kabisa kama maelezo. Mwaka 2022 ulitoka uchambuzi wa karibu sampuli 90,000 kutoka majimbo sita ya Marekani. Makundi ya kemia yalionekana: moja la karofilini na limonini, moja la mirsini na pinini, moja la terpinolini na mirsini. Makundi halisi, yenye kupimika. Ila vibandiko vya indica, chotara na sativa havikuyafuata. Neno chotara lilikuwa kila mahali. Ukifikiri, lingekuwa wapi? Baada ya miongo mitano ya kuchanganya kila kitu na kila kitu, karibu kila mtungi rafuni ni chotara.

Nimeacha THC mwisho kwa makusudi, kwa sababu ndiyo sentensi pekee ya kadi inayotoka maabara, na ndiyo yenye madhara ikikosewa.

Mwaka 2023 Schwabe yuleyule na wenzake walinunua maua kwenye maduka 10 ya Colorado, sampuli 23, wakayapima upya. Wastani wa THC waliyoipata ulikuwa karibu 15%. Karibu sampuli 7 kati ya 10 zilikuwa chini ya kibandiko kwa zaidi ya 15% ya kile kilichoandikwa. Kwa nini? Namba kubwa inauza, na mkulima ndiye anayechagua na kulipa maabara. Hebu fikiria mwanafunzi anayechagua msimamizi wa mtihani wake na kumlipa.

Utasema: kama ni pungufu, si afadhali? Siyo rahisi hivyo. Mwaka 2017 watafiti wa Chicago waliwapa watu 42 wenye afya vidonge vya THC kabla ya kuwaweka kwenye jaribio la msongo wa mawazo, kuhojiwa mbele ya watu wasiotabasamu (nadhani unaijua hali hiyo kama umewahi kutetea pendekezo la utafiti). Waliopewa miligramu 7.5 walitulia haraka zaidi kuliko wa kidonge kitupu. Waliopewa miligramu 12.5 walikuwa na hali mbaya zaidi, kabla na wakati wa jaribio. Tofauti ni miligramu tano tu, na molekuli ni ileile! Kuvuta ni tofauti na kumeza, lakini somo la dozi linabaki. Anayejifunza mwili wake kwa mtungi ulioandikwa 24% ambao kweli ni 15%, siku akikutana na 24 ya kweli, hana kadi ya kumwonya. Atasema "hii sativa imenipa wasiwasi", na kosa atalibandika kwenye jina.

Na kuna jambo ambalo sijaliona kwenye maelezo ya Blue Dream hata mara moja. Mwaka 2019 Marta Di Forti na wenzake walichapisha utafiti uliohusisha miji ya Ulaya na Brazil: waliotumia kila siku bangi yenye THC ya 10% na kuendelea walikuwa na uwezekano karibu mara tano wa kuwa na ugonjwa wa saikosisi, wakilinganishwa na wasiotumia kabisa. Utafiti wa aina hii hauthibitishi peke yake kwamba bangi ndiyo iliyosababisha, na ubishi upo. Lakini angalia mpaka wao: 10%. Kwa namba zake yenyewe, 17 hadi 24, Blue Dream iko juu ya mpaka huo kwa umbali mkubwa. Na ndiyo kadi hiyohiyo inayomwambia anayeanza asiogope. Sentensi hiyo moja ingekuwa mikononi mwangu, ningeifuta leo. Nyingine tunaweza kuzibishania.

Kwa haki, si kadi nzima ni takataka. Harufu ya matunda unaweza kuikagua mwenyewe kwa pua. Jina lenyewe si bure kabisa. Kwenye zile sampuli 90,000 kuna majina yaliyokuwa thabiti kikemia kuliko mengine, hivyo jina linaweza kukudokezea kitu, mradi usilisome kama cheti cha kuzaliwa. Majimbo yanayoruhusu biashara hii hudai kila fungu la mavuno lipimwe, na cheti cha fungu huorodhesha THC, CBD, na mara nyingine terpini moja moja. Karatasi hiyo inachosha kusoma. Haina ndoto wala rangi ya buluu. Ila inazungumzia maua yaliyomo kwenye mtungi huo, si babu zao.

Ukitaka kuona dai la "inatuliza wasiwasi" linavyopaswa kutafutwa, tazama kazi iliyotoka mwaka 2024 Johns Hopkins. Watu 20, siku tofauti, walivuta mvuke wa THC peke yake, wa limonini peke yake, wa vyote viwili pamoja, au wa maji tupu. Dozi zilijulikana kwa miligramu. Limonini ilipoongezwa kwenye THC, wasiwasi ulipungua, na kadiri limonini ilivyoongezwa ndivyo ulivyopungua zaidi. Ni terpini moja tu, kwa watu ishirini. Mirsini, pinini, karofilini, kila moja ingehitaji foleni yake, na zikichanganywa zingehitaji foleni nyingine ndefu zaidi.

Blue Dream ina hizo tatu zote, na nyingine kadhaa.